Sikio la Dakta na Injini ya Marehemu

Kilichomsimamisha Dakta Sikio asubuhi ile ni makalio ya gari. Yalikuwa yamechomoza chini ya pazia kuukuu la maua, kwenye ua wa mama mmoja fundi mapazia, katika mtaa ambao yeye hakuwa na shughuli nao. Alikatiza huko kumkwepa mteja aliyekuwa akimtafuta kwa maneno makali. Lakini upepo uliinua kona ya pazia, na penye kona ile pakang'aa alama ya chuma: V6, na pembeni yake, 3.0.

Dakta akaegesha gari lake kando ya njia. Mate yalimjaa kinywani, akayameza.

Inafaa tumjue mtu huyu kabla hajaingia kwenye ua wa watu. Udaktari wake hakuupata chuoni. Aliupata siku aliponunua, kwa mtu asiyependa kuulizwa maswali, kile chombo cha kusikilizia moyo ambacho madaktari huning'iniza shingoni. Tangu hapo kazi yake ikawa kutambua ukubwa wa injini za magari kwa kuzisikiliza. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, na hataki kudanganywa, humwita Dakta Sikio, ambaye humdanganya kwa ustadi zaidi. Dakta huweka chombo juu ya boneti, hufumba macho, huinua kidole kuomba kimya, kisha hutamka: "Elfu moja na mia nane. Ilikuwa mia tisa, ila imechoka."

Kusema kweli, kwenye chombo kile hakuwahi kusikia kitu zaidi ya tumbo lake mwenyewe. Ukubwa wa injini umeandikwa kwenye hati za gari, umeandikwa kwenye kibati kilichogongomelewa chini ya boneti, na umechapwa kwenye chuma chenyewe cha injini kwa yeyote anayekubali kuchafua mikono. Lakini binadamu hapendi kuinama na kusoma iwapo yupo wa kumsikilizia. Tena Dakta alikuwa na kopo la biskuti lililojaa namba na herufi alizobandua kwenye magari mabovu. Bahili, anayelilia kila tone la mafuta, hutaka injini ndogo. Mwenye kujiona hutaka kubwa. Na Dakta, kwa gundi kidogo, aliwaridhisha wote wawili kwa gari lile lile.

Kitu kimoja tu alikipata kwa jasho la halali, nacho ni gari lake. Lilikuwa dogo, jeupe, limebonyea mlango mmoja, na alilinunua enzi alipoziba pancha kwa miaka miwili, miaka pekee ya uaminifu maishani mwake. Kila Jumamosi alimpeleka mama yake sokoni. Mama hukaa kiti cha mbele, hushusha kioo hata kama kuna baridi, na huwapungia majirani mkono ili wajue kwamba mwanawe ni mtu wa kazi. Dakta alimdanganya kila mtu mjini, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto mwema, na ushahidi wa wema huo ulikuwa na magurudumu manne.

Basi akabisha hodi.

"Karibu, mwanangu," akasema mwenye nyumba, mwanamke mtu mzima, pini mdomoni na futi ya kupimia shingoni. "Mapazia ya sebuleni au ya chumbani?"

"Shangazi, macho yangu yamependa maua ya hili pazia hapa nje."

"Hilo haliuzwi. Limefunika gari la marehemu mume wangu."

"Ala! Kumbe kuna gari humo?" Dakta akashika kifua kwa mshangao. "Pole sana, Shangazi. Na limekaa hivyo, bila hata kupimwa?"

"Hupimwa?"

"Watu wengi hawajui. Bahati yako mimi nimepita."

Mjane akakitazama chombo kilichoning'inia shingoni mwake, halafu akamtazama usoni. Kisha akaita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akinywa chai ukumbini, akaita na majirani wa kulia na wa kushoto, kwa sababu gari la marehemu, alisema, halichunguzwi kimyakimya. Wakaja na vigoda vyao. Dakta hakuudhika, alipenda sana kutazamwa akiwa kazini.

Pazia likaondolewa. Lilikuwa gari refu, jeusi, lenye viti vya ngozi, gari la mtu anayefunguliwa mlango na wengine. Moyo ulimruka Dakta. Lakini alikuwa na sheria moja ya kazi, na aliiheshimu kuliko sheria zote za nchi: kitu unachokitaka, usikitazame mara mbili. Ukikitazama mara mbili, mwenyewe atajua kina thamani. Kwa hiyo akafungua boneti kwa uso wa mtu anayefungua sufuria la jana. Akaona kibati: cc 2994. Akaona mfuniko mpana wa plastiki uliolala juu ya injini, umeandikwa V6 kwa herufi za fedha. Yakamtosha. Akafunga boneti kabla furaha haijamfika usoni.

"Hufungui zaidi, mwanangu?" mjane akauliza. "Huo mfuniko si hutoka?"

"Hakuna haja, Shangazi. Fundi hufungua. Daktari husikiliza."

Gari likawashwa. Dakta akaweka chombo, akafumba macho, akainua kidole. Majirani wakanyamaza. Hata yule wa kushoto, ambaye hajawahi kunyamaza tangu ahamie mtaa ule, alinyamaza. Dakta akasikiliza tumbo lake, likimkumbusha kwamba hajala, na akawaza. Kulikuwa na bosi mmoja mwenye kiwanda cha matofali, ambaye shemeji yake alimpita barabarani kila asubuhi kwa gari la V6 ya elfu mbili na mia tano. Bosi yule hakuwa akipata usingizi. Alikuwa ameapa kulipa bei yoyote apate injini kubwa kuliko ya shemeji. Kwa bei hiyo Dakta angeweza kununua magari matatu kama lake, na la nne la kumpa mama.

Akafumbua macho taratibu, akavua chombo masikioni kama mtu anayevua kofia msibani.

"Shangazi, jikaze."

"Nimejikaza."

"Elfu moja na mia tatu."

Majirani wakaguna. Shemeji wa mjane akaweka kikombe chini.

"Lakini nyuma pameandikwa tatu nukta sifuri," akasema shemeji.

"Mzee wangu, hizo alama hubandikwa na wahuni. Wapo watu mjini hapa, sijui hata wanalalaje usiku, wanatembea na makopo ya alama."

"Na hati?" akauliza mjane. "Hati zinasema elfu tatu kasoro kidogo. Wewe unasema hati zina makosa?"

"Hati, Shangazi, huandikwa na watu waliokaa mezani. Wao hawajalisikia gari. Mimi nimelisikia. Injini hii ni ndogo, ya elfu moja na mia tatu, na haizidi hata tone."

Mjane akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Una hakika?"

"Sikio hili halijanidanganya hata siku moja."

"Na uko tayari kulisema mbele ya hawa wote?"

"Mbele ya dunia nzima."

"Basi rudia kwa sauti. Jirani yangu wa kulia hasikii vizuri."

Dakta akarudia kwa sauti, cc elfu moja na mia tatu, mpaka mtu aliyekuwa akipita njiani akageuka kutazama. Jirani wa kulia akatikisa kichwa kuonyesha kwamba sasa amesikia.

Kilichobaki kilikuwa kumpaka mjane mafuta kwa mgongo wa chupa, na hapo Dakta hakuwa na mpinzani. Alisikitika kwa niaba yake. Gari bovu kama hili, mwili mkubwa na injini ndogo, nani atalinunua? Litakula nafasi uani, kuku watataga humo. Mjane akasema kwamba yeye hana haja ya makubwa; angepata kigari kinachowaka asubuhi na kufikisha mapazia kwa wateja, angeshukuru. Dakta akainama, akaufikicha uso, akasema kwa sauti ya mtu anayejitoa mhanga:

"Shangazi, chukua langu."

"Lako lina ukubwa gani?"

"Elfu moja na mia tano. Hilo sihitaji hata kulisikiliza, nimelala nalo na kuamka nalo." Na hilo lilikuwa kweli.

"Na wewe utabaki na hili la elfu moja na mia tatu? Utapata hasara, mwanangu."

"Wema nao una gharama zake, Shangazi."

Wakabadilishana hati na funguo mbele ya vigoda vyote. Dakta alipotoa kopo lake la biskuti na mto aliokalia mama yake kwenye lile gari jeupe, kitu kilimchoma kifuani. Alipapasa mlango uliobonyea. Akajiambia ni kwa siku moja tu, kisha atakuja kulinunua tena, na hata atalipaka rangi. Akapanda gari jeusi, akaondoka akipunga mkono kama waziri.

Njiani gari lilikwenda kivivu. Dakta hakujali. Injini kubwa, aliwaza, ni kama watu wakubwa, haina sababu ya kukimbia.

Bosi wa matofali alilizunguka gari mara tatu, naye hakuwa na sheria ya kutotazama. Alisoma alama ya nyuma, akasoma kibati, akasoma hati, akacheka peke yake.

"Shemeji atakufa kwa kijicho," akasema. "Tulipandishe kilima cha tangi la maji. Yeye lake hukipanda huku anaongea na simu."

"Bosi, hata tukiwa na mzigo," akasema Dakta, na laiti angeuma ulimi, maana bosi alipenda wazo hilo. Akampakia mdogo wake, akampakia dereva wa lori la kiwandani, mtu wa kimo na upana, na nyuma wakaweka matofali.

Mwanzo wa kilima gari lilikohoa. Robo ya kilima likaanza kutetemeka. Nusu ya kilima, mwanamume aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa magunia akawafikia, akawasalimia kwa adabu, akawauliza habari za nyumbani, akawapita.

"Simama," akasema bosi.

"Tumeshasimama, Bosi."

Dereva wa lori akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Akaushika ule mfuniko wa plastiki kwa vidole viwili akauinua. Ulitoka kirahisi, maana haukuwa umeshikizwa na kitu. Chini yake, katikati ya nafasi kubwa tupu, kulikuwa na kiinjini kidogo, kimekaa kama mtoto aliyekalia kiti cha baba yake. Dereva akahesabu plagi: nne, si sita. Akapangusa chuma kwa kitambaa, akasoma namba iliyochapwa pale.

"Elfu moja na mia tatu," akasema. "Hii naijua. Ni ya vile vigari vya kusambaza mikate."

Bosi alicheka mpaka akakaa juu ya matofali yake, halafu kicheko kikaisha, na macho aliyomtazama Dakta hayakuwa ya kucheka hata kidogo. "Nenda," akasema. "Nenda kabla sijakumbuka kwamba nina vijana kiwandani."

Dakta akaenda. Kuteremka kilima, gari lilikwenda vizuri sana.

Alichezewa shere, yeye, mwalimu wa waliochezea wengine! Lakini hasira haikuwa kubwa kama hofu. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mama atatoka mlangoni na kikapu chake, atatafuta gari jeupe, na atauliza. Na Dakta, aliyekuwa na jibu la kila mtu, hakuwa na jibu la mama.

Aliingia uani kwa mjane kwa kishindo. Gari lake jeupe lilikuwa pale, limeoshwa, kiti cha nyuma kimejaa mapazia. Vigoda bado vilikuwa na watu, kwa kuwa mtaa ule ulikuwa na muda wa kutosha.

"Shangazi! Umeniuzia injini ya mikate!"

"Pole, mwanangu. Ya ukubwa gani?"

"Elfu moja na mia tatu!" akapiga kelele Dakta.

Kisha jirani wa kushoto akaanza kupiga makofi.

"Si ndivyo alivyosema!" akasema. "Jamani, si ndivyo alivyosema hasa? Bila kufungua!"

Shemeji wa mjane akainuka, akaenda mwenyewe, akafungua boneti, akaondoa plastiki, akavaa miwani, akasoma. Akageuka akiwa na uso wa mtu aliyeona muujiza. "Haizidi hata tone," akasema.

"Hapana!" Dakta akasema. "Ngojeni. Mimi nilidhani ni elfu tatu."

"Mbona ulisema elfu moja na mia tatu?" akauliza mjane.

Hapo ndipo Dakta alipofika mahali ambapo hajawahi kufika. Mbele yake kulikuwa na maneno mawili. Akishikilia kwamba alijua, gari limekwenda. Akikiri kwamba alidanganya, jina la Dakta Sikio limekufa mbele ya mashahidi, na kesho mji mzima utajua. Akalitazama lile gari jeupe. Akamwona mama yake, mkono nje ya dirisha, akiwapungia majirani. Machozi yakamlenga, na hayakuwa yale aliyoyazoea kuyatoa kwa wateja.

"Nilikudanganya," akasema. "Shangazi, nilikudanganya. Nilitaka kukunyang'anya gari kwa bei ya bure. Sisikii kitu kwenye hiki chombo. Sijawahi kusikia. Mimi ni tapeli. Nirudishie gari langu, nakuomba, nina mama."

Watu wakatazamana. Kisha wakacheka, kicheko kizuri cha upendo.

"Tazama unyenyekevu wake," akasema shemeji. "Ameona mjane kapata nafuu, anajitia mwongo ili asishukuriwe."

"Mimi si mnyenyekevu! Mimi ni mwizi!"

"Mungu akuzidishie," akasema jirani wa kulia, ambaye hakuwa amesikia vizuri.

Mjane akakunja futi yake polepole. "Mwanangu," akasema, wote wakisikia, "kama ungenidanganya, ningekurudishia gari lako sasa hivi. Naapa. Lakini niambie neno moja ambalo halikuwa kweli. Nilikuuliza mara ngapi?"

Dakta akafungua mdomo, akatafuta uongo mmoja tu katika yote aliyoyasema juu ya injini ile. Hakuupata.

Mjane akamsindikiza mpaka kwenye gari jeusi, akamshika bega kimama, akashusha sauti.

"Marehemu aliiuza ile injini kubwa kwa siri alipoanza kuugua, akaweka hii, tukapata dawa. Kila mnunuzi aliyekuja nilimwambia ukweli pembeni, na kila mmoja alikimbia. Nilikuwa nimekata tamaa. Kusema uongo siwezi, nimelelewa vibaya. Nikawa naomba tu aje mtu aniambie mwenyewe." Akatabasamu. "Na mfuniko nilikuonyesha. Nilikuuliza kama hufungui zaidi."

"Uliniuliza," akasema Dakta kinyonge.

"Basi nenda salama. Una kipaji."

Hakwenda mbali. Langoni alikuta watu wameshapanga foleni: mwenye pikipiki, mwenye lori la mchanga, mwanamke mwenye jenereta kwenye toroli, wote wakitaka kusikilizwa na mtu ambaye sikio lake limethibitishwa hadharani. Kila alipowaambia kwamba hajui, walimwamini zaidi. Mwisho akavua shati, akalala chini ya lori, akapangusa chuma kwa kiganja, akasoma namba, akaisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchafuka tangu enzi za pancha.

Jumamosi mama alitoka na kikapu chake. Aliposikia honi akatafuta gari jeupe, akaliona jeusi, refu, lenye viti vya ngozi, na mwanawe ndani yake ana grisi mpaka kwenye nyusi. Akaweka kikapu chini. Akalizunguka lote, akaigusa ile alama ya nyuma kwa ncha ya kidole, kisha akaingia na kushusha kioo.

Wakaenda taratibu, wakipitwa na kila kitu. Mama hakuona ubaya. Kwa mwendo ule alipata nafasi ya kusalimia kila nyumba. Walipokaribia soko akageuka, macho yakimng'aa kwa fahari.

"Baba, hii injini ni kubwa kiasi gani?"

Dakta akashika usukani kwa mikono yote miwili. Alikuwa na jibu zuri, limeandikwa kwa chuma nyuma ya gari, na mama alikuwa akilisubiri.

"Ndogo, mama. Elfu moja na mia tatu tu. Ya gari la mikate."

Uso wa mama ukaanza kukunjamana, akatikisa kichwa kwa uchungu.

"Miaka yote hii," akasema, "hujawahi kunidanganya hata mara moja. Leo umepata gari kubwa, umeanza."